Daftari la Bunduki la Sajini Obadia Kitundu

Ndugu waombolezaji, naomba radhi kwa kuwachelewesha, maana mimi Calist, niliyevuka mipaka ya nchi kumi na moja bila kupotea, leo hapa Iguguno nimeingia kwenye msiba wa nyumba ya nyuma, nikalia kwa sauti, nikapewa kiti cha mbele, na nimekuja kushtuka nilipoona picha ya marehemu ni ya bibi.

Marehemu wetu, Baba Mkubwa wangu, Sajini mstaafu Obadia Philipo Kitundu, alizaliwa Ulemo tarehe 14 Mei 1951, akasoma shule ya msingi huko huko kuanzia 1960 hadi 1966, na Machi 1970 akajiunga na jeshi, akafundishwa ufundi wa silaha na kukabidhiwa SAR, bunduki ambayo ukipiga risasi moja inajikoki yenyewe kwa nguvu ya gesi ya baruti. Alipouliza ni nani aliyewaza hivyo kwanza, mkubwa wake alimwambia apake mafuta anyamaze, naye akapaka, lakini hakunyamaza, akaazimia kuiandika habari hiyo kwa Kiswahili ili kuruta aelewe anachokishika badala ya kukariri.

Tarehe 9 Septemba 1977 alifunga ndoa na Mama Mkubwa Asnath mjini Manyoni, wakajaliwa watoto watatu, na alipostaafu mwaka 1998 akawa asubuhi analima alizeti, mchana anaandika daftarini jinsi jeshi la Meksiko lilivyoipokea bunduki ya namna hiyo mwaka 1908, Wafaransa walivyohangaika na ya kwao kwenye matope ya vita mwaka 1917, na wakubwa wengi walivyosita kwa hofu kwamba askari watamaliza risasi, hadi Wamarekani walipoikubali ya kwao mwaka 1936. Nilipokwenda Meksiko aliniagiza picha ya hiyo bunduki, nikamletea kofia. Aliivaa shambani siku moja, akaniagiza upya.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua, macho yakafifia, sote tukamsihi apumzike, akakataa, akawa anatamka na Mama Mkubwa anaandika, mpaka wakafika ukurasa wa mwisho tarehe 30 Januari 2025, na tarehe 3 Februari, saa nne asubuhi, akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliobeba kuni na maji, na askari wenzake waliosafiri usiku kucha. Baba Mkubwa, kazi umeimaliza, pumzika kwa amani.

La mwisho ni hilo daftari, ambalo jana kwenye kikao cha ukoo nilipendekeza, kwa heshima zote, tumzike nalo, wazee wakaafiki, hata mahali pa kuliweka tukapachagua, ndipo Mama Mkubwa akajibu: "Yeye analijua lote. Ninyi ndio hamjalisoma."