Evod na Mashine Iliyoitika

Baba Paroko, ndugu, majirani na wote mliofika hapa Ifakara kumsindikiza mpendwa wetu, familia inawaomba utulivu msikie maisha ya Evod Dionisi, ambaye wengi mlimwita Baba Agnella.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 kijijini Mofu, mtoto wa pili wa mzee Dionisi na Bibi Klementina, ambaye, kwa kuwa nyumba yao ilikuwa karibu na mto, ambako husemwa visivyo watu huita watu kwa majina, aliwakanya wanawe wasiitike majina yao kabla ya kumwona usoni anayewaita. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mofu hadi 1993, sekondari Mahenge hadi 1997, kisha akasomea kompyuta Morogoro, na mwaka 2003 akaajiriwa na hospitali moja kutunza seva, yaani kompyuta kuu inayopeleka majibu ya maabara kwa madaktari. Tarehe 7 Oktoba 2006 alifunga ndoa na Balbina huko Mang'ula, wakajaliwa watoto wawili, Agnella na Hilary.

Aprili 2024, masika yakiwa yamekolea, seva ilianza kupoteza mawasiliano, majibu ya wagonjwa yakawa hayafiki. Marehemu, ambaye hakuwa mtu wa pupa, alibadilisha waya, akauhamishia tundu jingine la swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao, akaihamishia kadi ya mtandao nafasi nyingine ndani ya mashine, na taa yake ilipokataa kuwaka akaamua kwamba kadi imekufa, akaichomoa, akaiweka mezani. Wakati kadi mpya inasubiriwa, mwenzake Mabula aliiita seva kutoka kompyuta nyingine, maana mafundi hawa husema kuita na kuitika pale mashine moja inapoibishia nyingine hodi, naye alifanya hivyo kwa utani tu, lakini seva ile, isiyo na kadi wala njia nyingine ya mtandao, ikaitika. Wakidhani ipo mashine nyingine iliyojipa anwani ile ile, walichomoa nyaya zote, ukabaki wa kompyuta ya Mabula peke yake, na bado ikaitika.

"Kaka, achana nayo, hiyo siyo kadi tena," alisema Mabula.

"Ngoja niiite mara ya mwisho, tuagane," marehemu akacheka, akakaa kwenye kiti cha mwenzake.

Safari hii haikuitika. Kioo cha kompyuta kilionyesha kwamba seva ndiyo inayoiita kompyuta aliyokaa mbele yake, na kompyuta hiyo ilikuwa imekwisha kuitika.

Kadi mpya ilifungwa tarehe 29 Aprili, na majibu hayajakatika tangu hapo, lakini nyumbani marehemu alianza kuitika asipoitwa.

"Nani kakuita, Baba Agnella?" mkewe akauliza.

"Si wewe?"

"Mimi napepeta mchele, nikuite wa nini?"

Ndipo Balbina akakataza jina lake lisitamkwe nyumbani, mwenye shida naye amfuate amguse bega, ili kila mwito atakaousikia ajue hautoki kwa watu wake, asiuitike. Akawa anasikia na kunyamaza.

Novemba alianza kuumwa kichwa, madaktari wakaona uvimbe kwenye ubongo, akalazwa tarehe 20 Januari 2025. Tarehe 9 Februari, saa nne asubuhi, aligeukia mlango uliokuwa wazi, na mtu hakuwepo. Balbina alimziba mdomo kwa kiganja, lakini marehemu akakiondoa taratibu, kama mtu anayeomba radhi, akasema, "Naam, nakuja," akakata roho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kulala nasi msibani, na wafanyakazi wenzake, hasa Mabula aliyeshinda akichimba kaburi na vijana. Mjane anaomba jambo moja, kwamba wakati wa kutia udongo mtu asimwite marehemu, hata kwa kumlilia.

Pumzika kwa amani, Baba Agnella, na ukisikia jina lako, si sisi.