Kasi ya Nélida

Ijumaa jioni, kwenye benchi la nje ya ofisi mtaa wa Palermo, Montevideo, waandika-programu watatu, Nélida, Pelado na Flaco, hupokezana kibuyu cha yerba, chai chungu ya huko, na kubishana mpaka maji ya moto yaishe. Leo Nélida hakuwa na hamu ya utani. Kabla ofisi haijafungwa alitakiwa aachie toleo jipya la kompaila yao, ile programu inayogeuza maandishi ya waandika-programu kuwa lugha ya mashine. Njia ya mkato aliyoibuni mwenyewe huzifanya programu za wateja zikimbie ajabu, na ndiyo iliyompa jina. Sasa imegundulika kwamba zikihesabu chini ya sifuri, mara mojamoja hutoa jibu la uongo. Flaco ameirekebisha kasoro hiyo, ila kwa kuifuta njia ya mkato, na kasi yote ikaondoka nayo.

— Toa yenye kasi, bibie, alisema Pelado, akipapasa kipara chake. Nani anahesabu chini ya sifuri?

— Wenye majokofu ya nyama, bwana! alidakia Flaco. Unataka watu wale nyama iliyooza?

— Si wavae sweta waingie wainuse wenyewe? Hiyo yako wateja watazeeka wakisubiri.

— Tutawaambia ni joto. Januari hii kipi kinakwenda haraka?

— Afadhali tuseme kompyuta inakisia, kama watabiri wa mvua. Wale nani aliwahi kuwashtaki?

— Chekeni tu, alisema Nélida. Mtoto si wenu.

— Mtoto gani, alisema Flaco, mbio zote hizo na uongo juu!

Ilimuuma, lakini alicheka. Hapo akaketi Zulma, mama mkwe wa Pelado, aliyempitia waende nyumbani. Aliwasikiliza kidogo.

— Kwani nyinyi, kwenye kompyuta zenu wenyewe, mmeweka ipi?

Pelado alitazama viatu vyake.

— Pelado? aliuliza Nélida.

— Ya Flaco, alinong'ona. Nisamehe, dada. Siwezi kulala mashine ikinidanganya.

Nélida hakuwa na la kumlaumu. Yeye mwenyewe alikuwa ameiweka ya Flaco tangu Jumatatu, kwa siri, kama mke anayekula kwa jirani. Alifungua kompyuta yake mapajani, akalisoma tangazo la toleo, akafuta maneno "yenye kasi kuliko zote" aliyoyaandika kwa furaha mwezi uliopita, akaachia toleo la Flaco.