Dakika Kumi za Koromeo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu kidogo. Aliyetutoka Jumanne alikuwa mtu wa sauti, na leo hatunaye, kwa hiyo mtanivumilia mimi na hii yangu.

Tunamkumbuka mtafsiri wa filamu aliyejulikana kwa jina la Koromeo. Jina alilopewa na wazazi lipo, lakini nani alilijua? Tangu ujana alikuwa na koromeo lililotokeza shingoni, likipanda na kushuka kila akisema, na wenzake wakampa jina hapohapo. Miaka ishirini na miwili alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya skrini, katika ukumbi wa video nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kipaza sauti mkononi, akichukua filamu za watu wa mbali, zikawa zetu. Bunduki alizipiga kwa mdomo. Wajane alilia nao. Polisi akigonga mlango, aliyegonga ni Koromeo, kwa vifundo vya vidole juu ya deki.

"Nyumbani hakuwa na maneno," anasema mkewe. "Yote alikuwa ameyamaliza kule. Nikimuuliza chakula kikoje, ananiinulia dole gumba. Siku moja nikamwambia, baba watoto, na mimi basi nitafsirie."

Alikuwa mcheshi, alikuwa mkarimu, tungeweza kuishia hapo. Lakini nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwenyewe aliniomba niseme yote. Aliniandikia kwenye daftari, maana sauti ilikuwa imeshakwisha. Basi nasema yote.

Mnaikumbuka ile tamthilia ya majambazi, miaka saba iliyopita? Kila Jumamosi saa tisa alasiri ukumbi haukuwa na pa kutia mguu. Wahusika Koromeo aliwapa majina yake mwenyewe. Mkuu wa genge alimwita Bosi. Shangazi yake Bosi, mwenye funguo zote za nyumba, alimwita Mama Chuma. Na dereva wa genge, yule mrefu mwenye bega moja chini, asiyefungua mdomo ila akilazimika, alimwita Kimya. Watu walimpenda Kimya mpaka basi.

Na mtaani tulikuwa na mtu kama huyo. Fundi kufuli. Mrefu, bega limeshuka kwa kubeba sanduku la vifaa, maneno yake ya kuhesabu. Wiki haikuisha naye akawa Kimya. Mwanzoni jina lilikuwa tamu. Akipita, vijana wanampigia saluti: "Kimya, washa gari!" Anacheka kidogo, anakwenda zake.

Ikafika sehemu ya mwisho, ya Bosi kukamatwa. Ameuzwa na mtu wa ndani. Nani? Hapohapo diski ikagoma. Ilikuwa na mkwaruzo. Picha ikaganda kwenye uso wa Kimya, yuko garini, kisha ikaruka dakika kumi nzima. Tukamkuta Bosi tayari ana pingu. Dakika kumi, wapendwa. Zishikeni hizo dakika kumi.

Ukumbi ukalipuka. "Nani kamuuza? Koromeo, sema!"

Hakujua. Sehemu ile hakuwa ameiona. Lakini mtu anayelishwa na sauti yake, atasema "sijui" mbele ya watu mia? Uso uliobaki machoni pake ulikuwa wa Kimya. Koromeo likapanda, likashuka, akasema: "Kimya. Kimya kamuuza bosi wake." Na kwa utamu wa ulimi akatia chumvi: simu aliyopiga, mlango aliouacha wazi, hata jasho la viganja. Watu walishika vichwa. Mama mmoja alitoka nje analia.

Wiki tatu baadaye, nyumba ya mwalimu mmoja ikaibiwa mchana kweupe. Kitasa cha mlango kiliwekwa na nani? Fundi wetu. Polisi wakamshika siku mbili, wakachunguza, hawakupata kitu, wakamwachia. Mtaa haukumwachia. "Huyu si ndiye Kimya? Si mlimwona mwenzake kwenye filamu?" Ilianza kama utani, lakini utani ule ukaota meno. Nyumba moja ikang'oa kitasa alichokiweka, ya pili ikafuata. Sasa fundi kufuli asiyeaminiwa ana kazi gani? Mkewe akawa anatupiwa vijembe kwenye foleni ya maji. Mwaka haujaisha, fundi akafunga kibanda, akahamia upande wa pili wa mji.

Na hapa ndipo penye kidonda. Miezi miwili baada ya yule mwalimu kuibiwa, wakati fundi bado yuko mtaani, Koromeo alipata diski nzima isiyo na mkwaruzo. Akaitazama peke yake ukumbini asubuhi. Dakika kumi zile zilikuwemo. Aliyemuuza Bosi alikuwa Mama Chuma, shangazi yake mwenyewe. Kimya hakufanya lolote.

"Alirudi akakaa mlangoni hajavua hata viatu," anasema mkewe. "Nikamuuliza, kuna nini? Akasema, hakuna. Miaka sita nauliza, miaka sita ananiambia hakuna."

Kwa nini alinyamaza? Daftarini ameandika maneno mawili: "Niliogopa kuchekwa." Basi. Hakuna sababu nyingine kubwa, msiitafute.

Mwaka huu ikaja tamthilia mpya ya watu walewale, inayoonyesha yaliyotangulia. Bosi ni kijana, Kimya ni kijana, Mama Chuma bado ana nywele nyeusi. Katika sehemu ya tatu, Kimya anakamatwa. Anapigwa siku nne, anang'olewa meno mawili, jina la rafiki yake Bosi halimtoki. Loo! Mtaa ukawaka moto.

"Haiwezekani!" alisema muuza vipuri, kinyozi akiwa bado na mashine kisogoni pake. "Mtu aliyekubali kung'olewa meno, aje amuuze mwenzake ukubwani?"

"Watu wanabadilika, kaka," akajibu kinyozi. "Tulia nisikukate."

"Basi walioandika wamesahau hadithi yao wenyewe."

"Hao ndio hawana akili!" akadakia mteja mwingine. "Sisi tuliona kwa macho yetu."

Koromeo alikuwa kwenye benchi, akisubiri zamu. Alimeza mate, na kumeza kwenyewe kulimuuma. Wiki ileile daktari alikuwa amemwambia kuna uvimbe kooni. Utaondolewa, na sauti itaondoka nao. Zilibaki wiki tatu.

Akavuka mji kumtafuta fundi. Alimkuta nyuma ya gereji, anachonga ufunguo. Akamweleza yote, mkwaruzo, dakika kumi, Mama Chuma. Fundi hakusimamisha tupa.

"Umemaliza, kaka?" akauliza.

"Nimemaliza. Nisamehe."

"Mimi ulikuja kuniambia nini? Mimi nilijua sikufanya kitu. Wasiojua wako kule kwenu."

Jumamosi iliyofuata, saa tisa alasiri, Koromeo alisimamisha filamu katikati. Akaagiza madirisha yafunguliwe. Kwa ile sauti iliyokuwa inakwaruza, akawaambia: Kimya hakumuuza Bosi. Diski iliruka. Nilitunga mimi. Na kwa kutunga kwangu tumemfukuza fundi wa watu.

Watu wakacheka, wapendwa. Walidhani ni vionjo vyake. Aliporudia mara ya pili, wakakasirika. "Usitugeuze wajinga! Kimya msaliti, tuliona!"

"Mliona nini?" Koromeo akauliza. "Semeni mlichokiona. Alivaa nini wakati anapiga simu?"

Mmoja akasema koti jeusi. Mwingine akasema shati jeupe, na anaapa. Wa tatu akasema mvua ilikuwa inanyesha.

"Hakuna simu," akasema. "Hamkuona kitu. Mlinisikia mimi."

Akawawekea diski nzima. Wakazitazama dakika kumi zile, na kwa mara ya kwanza tangu ukumbi ujengwe, Koromeo hakutafsiri hata neno. Wengine walitoka kabla hazijaisha. Mpaka leo kwa kinyozi wapo wanaobisha kwamba diski ile ni feki. Siku tisa baadaye alipasuliwa, sauti ikaenda. Jumanne hii, yeye mwenyewe akaifuata.

Fundi alikuja mazikoni. Alisimama nyuma kabisa, akaweka udongo wake, akaondoka. Tulikuwa wengi pale. Hakuna aliyemfuata.

Kwa mjane, kwa watoto, kwa dada wa marehemu aliyemuuguza mpaka mwisho: poleni sana. Mungu awape subira. Mume wako, baba yenu, kaka yako alikosea vibaya, na alitumia sauti yake ya mwisho kulikiri kosa hilo mbele ya watu waliomcheka. Wangapi kati yetu wataweza?

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, mkikaa tena kubishana nani msaliti na nani mwema, jiulizeni jambo moja: hili nililiona, au niliambiwa? Nauliza kwa sababu nami nilikuwa ukumbini siku ile diski iliporuka. Yule aliyeapa ukumbini, kwa kinyozi na kila mahali kwamba aliona shati jeupe, ni mimi. Na kitasa cha mlango wangu, alichokiweka fundi kwa mikono yake, nilikuwa wa kwanza kuking'oa.

Juzi nimempigia simu. Nimemwomba aje aniwekee kingine. Akaniuliza nyumba iko wapi, kana kwamba haijui. Nikamwelekeza.

Hajafika bado. Namngoja.