Saa Nne ya Nani?

Mervyn, mgane aliyekuwa akienda kuoa tena, alimwonyesha saa yake mama mmoja aliyeketi naye basini, mpakani mwa majimbo mawili ya Australia.

"Kwetu New South Wales ni saa tano, kiangazi tunasogeza saa mbele. Jirani zetu wa Queensland hawasogezi, kule ndiyo kwanza saa nne. Na ndoa ni saa nne."

"Bibi harusi wa wapi?"

"Queensland."

"Alisema saa nne ya kwake au ya kwako?"

Mervyn alilegeza tai. "Yule mpole sana. Huenda alinihesabia ya kwangu."

"Basi umechelewa saa nzima, bwana."

"Au nimewahi."

Basi likasimama. Bibi harusi alikuwa ameketi kwenye ngazi za kanisa, kavua viatu, anakula keki. Alipomwona, akasogea kumpa nafasi.