Shemeji Aliyetema Kahawa Ukweni

Ndugu waombolezaji, jamaa, majirani wa mtaa wa duka, na nyinyi wateja mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, poleni sana na asanteni kwa kuja. Mimi ni shemeji wa marehemu, kaka mkubwa wa mjane, na wengi mnaijua sauti yangu kwa kuwa ndiyo inayowatangazia mpira redioni, kwa hiyo familia iliponikabidhi kazi hii ilinipa na onyo, kwamba nisome taratibu, nisipandishe sauti, na nisithubutu kusema goli. Nitajaribu, lakini maisha ya mtu huyu hayasomeki taratibu.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fyuu kwa sababu mtakayoisikia, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1968, mtoto wa nne kati ya sita wa karani wa posta na mama aliyeshona sare za shule, akaanza shule ya msingi Januari 1976 na kumaliza Novemba 1982. Ripoti yake ya darasa la tano ipo nyumbani, mwalimu ameandika kwamba mtoto ana akili ila anakula chaki, na mwalimu hakumsingizia, kwani kwa malipo ya pipi moja alikuwa anafumbwa macho, analambishwa chaki, na kukuambia kama ni nyeupe, ya njano au ya bluu, na wenzake wanaapa hakukosea hata mara moja. Sekondari alisoma kuanzia 1983 hadi 1986, akafaulu kemia vizuri, hisabati kwa kubahatisha.

Tarehe 1 Februari 1988 aliajiriwa katika ghala la wasafirishaji wa kahawa, na kazi yake ilikuwa kuosha vijiko katika chumba cha waonjaji. Kwa wasiojua, kahawa ikionjwa hainywewi kistaarabu, inasagwa, inamwagiwa maji ya moto, inasubiriwa dakika nne, utando wa juu unavunjwa kwa kijiko, kisha mwonjaji anaivuta kutoka kwenye kijiko kwa pumzi moja yenye kelele, fyuuu, ili isambae ulimi wote na ipande mpaka puani, halafu anaitema. Huyu mwosha vijiko alikuwa akivinusa kabla ya kuviosha, na siku moja akawaambia wakubwa, kwa heshima zote, kwamba gunia walilolipitisha asubuhi lilikuwa limekaa karibu na sabuni. Walikwenda ghalani kuangalia, wakakuta katoni za sabuni zimeegemezwa pale pale, na mwezi uliofuata Fyuu akapewa kijiko chake mwenyewe.

Sasa naingia kwenye ndoa, na hapa naomba nisikatizwe. Tarehe 11 Januari 1997, siku ya Jumamosi, marehemu alikuja nyumbani kwetu kujitambulisha kwa wakwe, akiwa na suti ya kuazima na wazee wake wawili, na mdogo wangu, mjane wa leo, akaleta kahawa. Baba yetu akiwa amekunja uso kama kawaida yake, mgeni akachota kwa kijiko, akavuta, FYUUU, akaizungusha mdomoni, akaitema kwenye kisahani, kisha kwa sauti ya mtu aliyesahau yuko wapi akasema, “Hii ilikaangwa zamani, na maji yamechemka mno.”

Maji yakimwagika hayazoleki, na kahawa ikitemwa ukweni ndiyo kabisa. Mdogo wangu alikimbilia chumbani akajifungia, wazee wa mgeni wakaanza kutazama viatu vyao, na kura ilipopigwa jioni ile mimi nilikuwa wa kwanza kusema hatumpi binti mtu asiye na adabu, nakiri mbele yenu na mbele ya jeneza lake, na nimejuta miaka ishirini na saba. Kilichomwokoa ni kwamba baada ya wageni kuondoka nilikwenda jikoni kutafuta maji, nikamkuta baba amesimama peke yake na kijiko, akivuta kahawa ile ile polepole, fyu, fyu, na aliponiona alisema tu, “Kijana yuko sawa, maji yamechemka mno.” Ndoa ilifungwa tarehe 6 Septemba 1997. Bibi harusi aliweka sharti moja, kwamba yeye hatavuta kahawa kwa kelele mbele za watu mpaka anaingia kaburini, na bwana harusi akakubali kwa sababu angekubali chochote.

Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Julai 1999, na kijana aliyezaliwa tarehe 21 Oktoba 2002, ambaye anasomea udaktari wa meno na amemgombeza baba yake kuhusu rangi ya meno tangu mwaka wa kwanza.

Tarehe 2 Februari 2004 marehemu aliacha kazi ghalani akafungua duka lake, chumba cha mita nne kwa sita kati ya fundi viatu na duka la vitabu vya shule, akiwa na mashine kuukuu ya kukaangia ambayo mlango wake ulifungwa kwa waya. Buni ilipoanza kupasuka ndani ya mashine kama bisi, watu walisimama barabarani kusikiliza, na makapi yalipoanza kuruka kwenye bomba yalitua juu ya shela la harusi alilokuwa amelianika fundi cherehani wa ghorofa ya juu, ambaye alishuka ngazi na mkasi mkononi. Bomba liliongezwa mita tatu juu, shela lilifuliwa, na fundi cherehani amekunywa pale kila asubuhi tangu siku hiyo. Nyuma ya kaunta marehemu aliandika kwa rangi nyekundu sheria moja tu, HAITOKI BILA KUONJWA, na kwa miaka ishirini hapakuwa na mfuko uliotoka pale bila kupita kwenye ulimi wake.

Kila asubuhi alipanga vikombe vitano, akachota vijiko viwili katika kila kimoja, kinachobaki akakiacha. Mdogo wangu, ambaye kazi yake ilikuwa kupima na kufunga mifuko, na ambaye hajawahi kutupa hata kipande cha kamba, alikuwa akivimaliza vyote vikiwa vimepoa, amesimama kwenye sinki, kimya kimya. Sisi tulisema ni ubahili, na tulimtania sana.

Novemba 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya koo. Alipigwa mionzi kuanzia tarehe 4 Desemba hadi tarehe 19 Januari 2024, na mionzi ile, pamoja na mema yake, ilimwondolea ladha yote, kahawa na maji ya moto vikawa kitu kimoja. Aliendelea kuonja kwa pua, mpaka siku moja ya Aprili mteja aliyenunua pale kwa miaka kumi aliporudisha mfuko akiwa na aibu kuliko mwenye duka, akasema una ladha ya boksi lililolowa. Jambo hili lilimuuma kuliko ugonjwa, nawaambia ukweli. Binti yake, mpwa wangu, ana mkono mzuri mno kwenye mashine, lakini ulimi wake unapenda kila kitu, hata uji ulioungua anausifu. Mara tatu marehemu alimsihi mkewe ajaribu, mara tatu mkewe akasema yeye hajui kitu na kuvuta kwa kelele hawezi. Basi Juni, ugonjwa ukiwa umefika kwenye mapafu, aliagiza tangazo lichapishwe nakala arobaini, kwamba duka litafungwa moja kwa moja tarehe 30, kwa kuwa hakuna ulimi.

Jumamosi ya tarehe 15 Juni, saa nne asubuhi, wodi yenye vitanda sita, mimi na mdogo wangu tukiwa kando ya mgonjwa, mpwa wangu akaingia na chupa ya chai yenye maji ya moto, vijiko na vikombe vitatu. Viwili vilikuwa vya kahawa moja, cha tatu alikiharibu makusudi kwa kuiacha buni yake ndani ya mashine dakika mbili zaidi juu ya moto mdogo, akakiwekea alama ya msalaba chini, akavichanganya. Marehemu akamwekea mkewe kijiko mkononi, akasema kwa sauti iliyobaki, “Mke wangu, mara moja tu, na uvute kwa kelele.” Mdogo wangu akatazama kulia, wageni wa wagonjwa, akatazama kushoto, muuguzi mkuu, akachota, akanywa kwa adabu, mgonjwa akatikisa kichwa, akachota tena, akafumba macho, na ndugu zangu, FYUUU! Mzee wa kitanda cha dirishani aliamka! Akaenda cha pili, fyuuu, akaenda cha tatu, akarudi cha kati, akaweka kijiko chini akasema, “Hiki cha kati kimelala. Mlikiacha kwenye moto mdogo.” Binti akakigeuza kikombe, na msalaba huo hapo!

Familia inisamehe, nilipiga kelele goli, na muuguzi mkuu akanitoa nje, kwa hiyo yaliyofuata nilisimuliwa, kwamba vilichanganywa tena mara mbili na mara zote mbili alikipata, kwamba marehemu alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, na alipomuuliza mkewe nani amemfundisha, alijibiwa, “Makombo yako.” Haba na haba, miaka ishirini, pale kwenye sinki.

Alifariki tarehe 19 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, miezi kumi na siku kumi. Ameacha mjane na watoto wawili, na mimi ameniacha bila mtu wa kuniambia ukweli.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa muuguzi mkuu wa wodi ile, ambaye namwona amekaa pale na namwomba radhi hadharani, inamshukuru fundi viatu aliyelifungua duka kila asubuhi tulipokuwa hospitali, fundi cherehani aliyeshona suti ambayo marehemu amevaa, safari hii si ya kuazima, na waonjaji wenzake wa ghalani waliokuja na vijiko vyao mfukoni.

Msishangae karatasi hizi ninazosoma kuwa zimeandikwa upande mmoja tu. Upande wa pili ni lile tangazo la kufunga duka, nakala zake zote arobaini zipo, hazikubandikwa popote, na mdogo wangu hawezi kutupa karatasi nzuri. Duka linafunguliwa Jumatatu.

Kahawa mliyogawiwa aliikaanga mpwa wangu jana, na mjane ameionja leo asubuhi kabla ya kuvaa nguo nyeusi. Kwa ombi lake hatutakaa kimya dakika moja. Simameni, shikeni vikombe, nikishusha mkono kila mmoja avute kwa kelele kadiri awezavyo, wazee kwa watoto, asiwepo wa kuona aibu, maana mjane mwenyewe ndiye atakayeanza.

Pumzika kwa amani, shemeji. Imeonjwa.