Aya Iliyofutwa kwa Penseli

Ndugu, jamaa na marafiki, poleni, na asanteni kwa kuja. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake marehemu, kitindamimba wa nyumba yao, ambaye wengi hapa wanamwita Shangazi na wachache, wakidhani hasikii, wanamwita Mdomo. Wenye ratiba mkononi wafuate ukurasa wa tatu. Wakifika mahali msomaji anasema maneno wasiyoyaona, wasidhani ameruka mstari. Itaelezwa hapo hapo.

Marehemu, ambaye kazini na nyumbani tulimwita Kapteni, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba namba tisa ya wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu kati ya watano. Baba alikuwa mwongoza ishara za treni, mama mshonaji. Alikuwa mtoto mpole, mwenye mikono isiyotulia, na mwoga wa ngazi. Akiwa na miaka saba alipanda ngazi ya tangi la maji la stesheni, akafika daraja la tano, akaganda. Hapandi, hashuki, halii. Kaka mkubwa ndiye aliyepanda akamteremsha mgongoni, na wala hakumsema kwa mama. Mtoto huyo aliyeganda ngazini ndiye aliyekuja kuwa rubani wetu. Mpaka anazeeka, taa ya sebuleni ikiungua, mke wake ndiye aliyepanda ngazi kuibadilisha huku yeye ameishika kwa chini, macho ameyafumba.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1958 katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, na kumaliza sekondari mwaka 1969 akiongoza kwa hesabu. Mwaka 1972 alipata ufadhili wa kwenda kusomea urubani nje ya nchi. Alipata leseni tarehe 5 Agosti 1974, na tarehe 1 Februari 1975 akaajiriwa na shirika la ndege alilolitumikia mpaka kustaafu. Mwaka 1983 akawa rubani mkuu, mwenye kukaa kiti cha kushoto.

Tarehe 27 Oktoba 1979 alifunga ndoa na karani wa mahakama, mwanamke aliyekuwa anaogopa ndege kuliko nyoka. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Mume anarusha ndege dakika arobaini na tano, mke anakaa kwenye basi saa tisa nzima kwenda mji ule ule, na mume anamsubiri stendi na mwavuli. Akiulizwa, shemeji alijibu, “Basi likikwama nashuka nasukuma. Kule juu nitashukia wapi?” Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kike fundi umeme, wa kiume mwalimu.

Sasa tumefika.

Kwenye ratiba, aya ya kazi inasema: “Alirusha ndege kwa miaka thelathini na mmoja bila ajali hata moja.” Ni kweli. Ajali haikutokea. Lakini mwezi Mei, akiwa kitandani hospitali, marehemu aliandika aya nyingine kwa mkono wake, akampa mdogo wake na kumwambia, “Utaisoma hii. Usiponisomea, nitakuja kukusumbua.” Juzi Jumanne, kwenye kikao cha familia, kaka mkubwa aliichukua karatasi ile, akatoa penseli mfukoni, akapiga mstari kutoka juu mpaka chini. “Aibu ya maiti aijuaye mwosha,” alisema. “Mdogo wangu hazikwi huku watu wanakumbushwa kosa lake.” Mkubwa ni jalala. Kaka amebeba taka zetu zote tangu baba afariki, na pale sebuleni hakuna aliyethubutu kumjibu. Hata anayesoma hapa alisema, “Sawa, kaka.” Leo anamwomba radhi mbele ya watu. Penseli haikufuta maneno. Yanasomeka.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 9 Novemba 1994, saa kumi na mbili kasorobo jioni. Ndege ya pangaboi mbili ilikuwa inarudi na watu sitini na wanane, wahudumu na marubani wakiwemo. Mvua ilikuwa inamwagika, vifuta kioo vinakwenda mbio na havifuti kitu. Kapteni ndiye aliyeshika usukani. Kulia kwake alikaa rubani msaidizi, binti wa miaka ishirini na sita, mwaka wake wa pili kazini. Dakika zile za kutua, mmoja akirusha na kutafuta uwanja kwa macho, kazi ya mwenzake ni moja tu: kuangalia vipimo na kusema anachokiona.

Binti alisema. Kinasa sauti cha ndege kilichukua kila neno, na Kapteni aliyanakili.

“Mzee, samahani, naona kama tumeshuka kidogo.”

“Uwanja ule pale,” Kapteni alijibu. Alikuwa ameona mstari wa taa nyeupe mbele yake, umenyooka vizuri, na moyo wake ukatulia.

“Mzee, samahani tena. Mshale wa kipimo unasema uwanja uko kulia kwetu.”

“Binti, tulia. Nimetua hapa kabla hujaanza shule.”

Baada ya hapo pameandikwa: sekunde kumi na saba, hakuna mazungumzo. Ndege inashuka mita tatu kila sekunde. Watu sitini na wanane, wengine wamelala, wengine roho mkononi, mtoto mmoja analia kiti cha kumi na mbili, na kule mbele kimya. Miaka mingi baadaye Kapteni alimuuliza yule binti, sekunde zile zote alikuwa anafanya nini. Akajibu, “Nilikuwa natafuta maneno ya adabu.”

Alipoyakosa, alipiga kelele. “Wewe! Siyo uwanja! Pandisha!” Akaweka mkono wake juu ya mkono wa Kapteni, akasukuma vishikio vya nguvu za injini mpaka mwisho. Hapa marehemu ameandika maneno ambayo msomaji anayasoma kama yalivyo: “Mkono wangu ulikaza. Kwa nusu sekunde nilitaka kuutupa mkono wake. Siyo kwa sababu nilijua kitu asichokijua. Ni kwa sababu nilikuwa nimeitwa ‘wewe’.” Halafu akaachia. Ndege ikainua pua, injini zikalia kwa nguvu, na upande wa kushoto kitu cheusi kikapita. Lilikuwa dohani, bomba refu la moshi la kiwanda cha saruji, na taa yake nyekundu ilikuwa juu yao. Zile taa nyeupe zilikuwa za uzio wa kiwanda.

Walizunguka, wakatua salama dakika kumi na nne baadaye. Abiria hawakujua kitu, walijua tu mvua ilikuwa mbaya na wameponea chupuchupu. Walipiga makofi. Bibi mmoja alisimama mlangoni, akamshika Kapteni mkono wa kulia kwa mikono yake miwili na kusema, “Baba, umetuokoa.” Binti alikuwa amesimama nyuma yake na kofia mkononi. Kapteni hakusema kitu, na katika yote aliyoyafanya siku ile, hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kesho yake mkuu wa marubani alimwita ofisini, akafunga mlango. Mhudumu mmoja alikuwa amesikia kelele kupitia mlango wa mbele, na maneno yameshaanza kutembea. “Andika kwamba hali ya hewa ilikuwa mbaya, ukaamua kuzunguka,” alimwambia. “Ndiyo kazi yako, na watu wameshakupigia makofi. Abiria wanaogopa ndege tayari. Ukiwaambia rubani mwenye miaka kumi na tisa kazini alikuwa anawapeleka kwenye dohani, nani atapanda? Yule binti tutamtafutia kazi ya mezani. Hawezi kumpigia kelele mkubwa wake na kumshika mkono, halafu tukamwacha.”

Kapteni alikaa na karatasi tupu siku nne. Anayesoma hatapamba: alikuwa anataka kukubali. Alikuwa na watoto shuleni na jina mjini, na penye kufichika mtu hujificha. Jumapili mchana, chakula kimepoa mbele yake, mke wake akamuuliza ana nini, na akamweleza yote, kuanzia mvua mpaka mlango wa ofisi. Shemeji hakulia wala kupiga kelele. “Mimi kila siku mahakamani naandika maneno ya watu wanaosema, ‘Si mimi,’” alimwambia. “Nilidhani nikirudi nyumbani napumzika. Na yule mtoto wa watu, anafukuzwa kwa kutuachia wewe ukiwa hai?”

Jumatatu tarehe 14 Kapteni alipeleka kurasa nne zilizoandikwa kwa mkono. Alieleza taa, alieleza dohani, alieleza mkono wake ulivyokaza. Mwisho aliandika kwamba kama kuna mtu wa kuondolewa kwenye chumba cha marubani, ni yeye. Wakafuata neno lake. Kwa mwaka mmoja alivuliwa ukuu, akakaa kiti cha kulia na kuitikia vijana waliokuwa chini yake. Binti alibaki kazini.

Kamati iliyoundwa kuchunguza ilipotangaza matokeo, loo! Redioni watu walipiga simu siku tatu. “Eti marubani wanafokeana huko juu!” Wapo waliorudisha tiketi. Uwanjani mtu alimnyooshea kidole, akauliza, “Ndiye huyu?” na kuhamisha familia yake yote ndege ya jioni. Hata kinyozi wake, wembe uko shingoni, alimuuliza, “Kapteni, ina maana na ninyi mnakosea?”

“Kwani wewe hukosei?”

“Mimi? Sijawahi.”

“Basi leo nitanyolewa kwingine,” Kapteni akasema, akaondoka na povu nusu shavu.

Anayecheka acheke, maana marehemu mwenyewe alilisimulia akicheka. Lakini wakati ule hakuwa anacheka. Alikonda, na akisikia ndege inapita juu ya nyumba alikuwa anahesabu kimoyomoyo mpaka kumi na saba.

Ni mke wake aliyemshangaza. Machi 1996, baada ya miaka kumi na sita ya mabasi, shemeji alimwambia amkatie tiketi ya ndege. Kapteni akadhani anataniwa. “Miaka yote nilikuwa naambiwa mume wangu hakosei,” alisema. “Nikawa najiuliza, siku akikosea, nani atamwambia? Sasa najua yupo wa kumwambia. Kata tiketi.” Alisafiri, macho ameyafumba kutoka kupaa mpaka kutua, na kiti cha mbele yake kilibaki na alama za kucha. Lakini alisafiri.

Mwaka ule ule Kapteni akawa mkufunzi, na hiyo ndiyo kazi aliyoipenda mpaka anastaafu mwaka 2006, kisha kwa mkataba mpaka 2015. Kwenye chumba cha mazoezi kinachoigiza ndege, yeye alikosea makusudi na kijana alitakiwa kumwambia, kwa sauti, bila samahani. Wengi walitoka jasho. Mmoja, aliyelelewa vizuri na nyanya yake, aliona mlima wa kwenye kioo unakuja, akafumba macho na kulia, “Shikamoo mzee, umekosea!” Mlima ukawala. Kapteni alicheka mpaka akakohoa, halafu akamwambia, “Salamu tutapeana chini, mwanangu. Juu, niambie. Tena.” Walirudia mara sita.

Maradhi ya moyo yalianza kumsumbua mwaka 2021. Tarehe 3 Mei mwaka huu alilazwa, na hakurudi tena nyumbani. Yule binti, ambaye leo ni rubani mkuu na mkufunzi, alimtembelea kila alipokuwa mjini. Siku moja Kapteni alimuuliza, “Ungenyamaza sekunde tano zaidi, ingekuwaje?” Akamjibu, “Tungezikwa kwa heshima zote, mzee.” Walicheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha. Marehemu alifariki Jumapili tarehe 18 Juni 2023, saa moja asubuhi, mke wake akiwa amemshika mkono, akiwa na miaka sabini na miwili.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, kaka mkubwa, dada mmoja, na huyu anayesoma. Ameacha marubani zaidi ya mia mbili waliompigia kelele kwa amri yake mwenyewe. Mmoja wao, wa kwanza kabisa na ambaye hakuamriwa, amekaa mstari wa nyuma na sare zake. Saa kumi ana safari, kwa hiyo akiinuka kabla hatujamaliza, msimtazame vibaya. Anaenda kazini.

Kaka mkubwa, uko mstari wa mbele na umeinamisha kichwa toka ulipotajwa. Msomaji anakuogopa hapa aliposimama. Miaka sitini na miwili hajawahi kukupinga hata kwa jambo la chumvi. Amemaliza kusoma. Kipaza sauti ndicho hiki. Kama kuna neno lolote ambalo si kweli, simama umrekebishe mbele ya wote, naye atakusikiliza. Kama yote ni kweli, kaka, njoo umshike msomaji mkono twende tukamlaze mdogo wako akiwa kamili, pamoja na kosa lake. Mungu ampe usingizi mwema.