Khemais Aliyeanguka Mtendeni

Wasikilizaji wapendwa, leo tumechoka, na hatutaficha. Tumetoka kumzika Khemais, mkwezi wa mitende wa hapa Nefta. Khemais, aliyekaa miaka ishirini na miwili kwenye kiti cha magurudumu. Figo ndizo zilizomchukua.

Alianguka msimu wa tende, adhuhuri. Mdogo wake, Laroussi, alikuwa chini akipokea vishada. Laroussi akafanya ambalo yeyote hapa angelifanya: akambeba mgongoni, mbio hadi barabarani. Sisi hatumwachi mtu wetu chini. Hospitalini wakasema pingili imevunjika, uti wa mgongo umeumia. Toka kitovuni kwenda chini, habari haipandi kichwani wala amri haishuki.

Siku moja miguu ikarusha mateke kitandani. Mama yao akapiga vigelegele. "Anapona huyu!"

"Kaa, mama," Khemais akamwambia. "Inacheza yenyewe. Mimi haijaniuliza."

Vikaja vidonda vya kulalia. Ukaja mpira wa mkojo. Jasho nalo likagoma kutoka, kiangazi kikawa kinampika mzimamzima, na Laroussi ndiye aliyemmwagia maji kila mchana. Miaka ishirini na miwili, wasikilizaji. Si mchezo.

Na kila msimu wa tende Laroussi aliuliza lile lile.

"Kaka, nilipokuinua, miguu ilikuwa na uhai?"

"Ilishakufa kitambo, bwana wee. Mwaga maji."

Leo makaburini Laroussi ametushika mkono, akaomba tuyaseme haya redioni.

"Alinidanganya," alisema. "Na mimi nikajifanya nimeamini. Siku ile, kabla sijambeba, aliniambia: nivute kivulini, mchanga unaniunguza nyayo. Nyayo, jamani. Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Tulipofika barabarani hakuzitaja tena."

Akapangusa mavumbi ya kaburi mikononi.

Mama, pole. Laroussi, pole sana ndugu yetu. Ulimbeba kwa mapenzi, na yeye alilijua hilo kuliko sote. Mungu amrehemu Khemais.

Nanyi wakwezi, msimu unaanza Jumamosi. Tafakarini. Mwenzenu akianguka, msimwinue. Mshikeni kichwa na shingo visicheze, iteni gari la wagonjwa, msubiri. Akiomba mumvute kivulini, msimvute. Leteni mablanketi, vueni mashati, myashike juu yake. Mleteeni kivuli pale pale alipo.